Kinachoanguka Hakidakwi

Mtu aliyepoteza vidole viwili hujiona ana haki ya kuwafundisha wenye kumi. Ndivyo alivyokuwa Fundi, mwenye karakana ya vioo, ambaye mkono wake wa kulia ulibaki na gumba, kidole cha shahada na cha kati, basi. Usoni walimwita Fundi. Kisogoni walimwita Vitatu. Jina hilo alilijua na wala halikumkera, kwa sababu mkono ule aliuona kama cheti alichokipata kwa jasho lake, na alipoongea na wateja aliuweka mezani wauone.

Vidole vyenyewe vilikwenda akiwa na miaka ishirini na miwili, wakati bado ameajiriwa katika karakana ya mtu mwingine. Asubuhi moja kioo kikubwa cha dirisha kilichomoka kwenye kichanja kilipoegemezwa, kikaanza kuja chini, naye akanyoosha mkono akidake. Kioo hakijui nani anakitakia mema. Alipotoka hospitali alikuwa na bandeji, maumivu na sheria. Sheria ilikuwa maneno mawili tu: kinachoanguka hakidakwi. Alipofungua karakana yake mwenyewe aliyaandika kwa rangi nyekundu ukutani, juu ya meza ya kukatia, kwa herufi kubwa kuliko zile za jina la karakana pale nje.

Tuseme ukweli kabla ya kumsema mtu. Kwa kioo, alikuwa sahihi. Kioo kikiponyoka, kiache kivunjike. Kioo kingine kitaletwa, mkono mwingine hauletwi. Angeishia hapo, tungemheshimu na tungefunga mdomo. Lakini wako watu ambao maumivu yao hawataki yapotee bure, wanataka yawafae kwa kila jambo, na Fundi alikuwa baba yao.

Kwanza aliitoa sheria kwenye kioo akaipeleka kwenye kila kitu chenye uzito. Katika mfuko wa aproni yake kulikuwa na kikombe cha bati. Mnaweza kuwa mnaongea habari za mvua, mara kikombe kinaachiwa. Mfanyakazi aliyenyoosha mkono alichapwa rula ya mbao kwenye vifundo vya vidole, kijana kwa mzee. Aliyetii alitakiwa afanye mambo mawili kwa pamoja: mikono mgongoni, hatua moja nyuma. Baada ya kikombe kilikuja kisanduku cha misumari, kisha yai, kisha kipande cha kioo chenyewe.

Halafu akaihamishia kwa watu. Mdogo wake alipozama kwenye pombe akaja kuomba pa kulala, Fundi alimwonyesha ukuta ausome. Yule bwana akalala nje miaka miwili, kisha akaacha pombe, akasimama mwenyewe. "Mmeona?" Fundi aliwaambia wafanyakazi. "Ningemdaka angenikata." Binamu yake naye alikuja na shida kama hiyo, akasomeshwa ukuta uleule, na yeye hakusimama tena, alizikwa na watu wa mtaani. Habari za binamu hazikusimuliwa karakanani hata siku moja. Hesabu ya Fundi ilikuwa hivyo: yaliyomuunga mkono aliyahesabu mara mbili, yaliyompinga hakuyaona.

Mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kumbishia, naye ni mzee aliyekuwa akibandika vioo kwenye fremu, mikono yake daima ina udongo laini wa kubandikia, ndiyo maana wakamwita Gundi. Gundi na Fundi waliajiriwa pamoja katika ile karakana ya zamani. Siku ya ajali alikuwepo.

"Mimi niliona kwa macho yangu," alisema siku moja wakati wa chai. "Sakafu ilikuwa imeoshwa. Ile kabari ya chini ya kichanja ikateleza. Na kamba ya mbele hakuna aliyeifunga. Kioo hakianguki kwa kupenda. Somo la siku ile ni kamba, Fundi. Tufunge kamba mbele ya vioo, yaishe."

Fundi alimtazama kwa upole, kama unavyomtazama mtu aliyepotea njia akiwa nyumbani kwake.

"Wewe ulipoteza vidole vingapi siku ile?"

"Sikupoteza hata kimoja."

"Basi hukujifunza kitu."

Karakana nzima ikacheka. Gundi naye akacheka, maana ukicheka peke yako baadaye unaonekana mwehu. Kichanja cha karakana mpya nacho kikabaki bila kamba, na kwa miaka thelathini kilimwaga vioo mara nne. Kila kilipomwaga, watu wote walirudi nyuma mikono mgongoni, hakuna aliyekatika, na Fundi akasema, "Mnaona?"

Fundi alikuwa na mtoto mmoja, binti. Mama yake alifariki mtoto akiwa na miaka mitano, na alipofika sita baba akaanza kumfundisha sheria. Samaki mkunje angali mbichi, walisema waliomwona akimchapa, wakaenda zao. Kijiko, kikombe, mwanasesere wake mwenyewe, yai. Rula kwenye vifundo. Akiwa na miaka minane alikuwa hanyooshi mkono tena. Akiwa na kumi, mikono yake ilikuwa haimuulizi: kitu kikichomoka popote alipo, yenyewe ilishafika mgongoni na mguu umesharudi. Wateja walikuwa wakiletewa maonyesho. Fundi alisukuma sahani kutoka mezani, binti akaruka nyuma kama askari wa gwaride, sahani ikapasuka, wateja wakapiga makofi, na Fundi akamshika kichwa kwa vile vidole vitatu akasema, "Huyu ndiye mwanangu." Hakuwa na wakati mwingine wa kumshika kichwa. Kwa hiyo binti, Mungu amrehemu mtoto yeyote wa namna hiyo, aliipenda michezo ile. Alikuwa akiomba sahani nyingine.

Akakua, akawa mkataji bora kuliko wote pale. Akishika almasi ya kukatia, kioo kilifuata mstari bila ubishi. Akaolewa na dereva wa gari la mikate, mtu mpole mwenye kuamka mapema, wakapata mtoto wa kike. Mtoto alianza kuongea kabla ya kutembea na hakunyamaza tena, wakamwita Chiriku. Mama mtu watu wakaanza kumwita Mama Chiriku, na sisi tutamwita hivyo, maana lilikuwa jina alilolipenda kuliko yote aliyowahi kuitwa.

Chiriku alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne siku alipokaa juu ya meza ya jikoni akivalishwa viatu. Mama aligeuka nusu kuchukua kiatu cha pili. Mtoto akainama kufuata kitu alichokiona chini, kichwa kikatangulia. Mama Chiriku aliona kila kitu, tena taratibu: nywele, sikio, kiganja kidogo kikishika hewa. Alikuwa karibu kiasi cha kumgusa kwa kiwiko. Mikono yake ikaruka mgongoni. Mguu wake wa kulia ukarudi hatua moja.

Paji la uso lilipiga kona ya kigoda. Nyuzi sita.

Mumewe alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wa mikate. Mtoto kumponyoka mama yake ni jambo la kila nyumba, na hilo angelisahau kabla ya jua kuzama. Lakini yeye hakuona mtoto akiponyoka. Aliona mkewe akijiondoa.

"Nilikuona," alimwambia baada ya kutoka hospitali. "Ulirudi nyuma."

"Si mimi."

"Ulikuwa wewe, Mama Chiriku. Nilikuwepo."

Ikamchukua Mama Chiriku siku mbili kupata ujasiri wa kumweleza habari za kikombe cha bati na rula. Alivionyesha vifundo vyake, ambavyo kwenye baridi bado vilimuuma. Mume alisikiliza hadi mwisho, akatoka nje, akazunguka gari lake kama anayekagua magurudumu, akarudi.

"Nimekuelewa," alisema. "Tena kosa naliona ni la baba yako. Lakini kuelewa kwangu hakumdaki mtoto. Akianguka tena mbele yako ukarudi nyuma, nampeleka akakae kwa mama yangu. Sisemi kwa hasira. Nasema kwa sababu kichwa chake ni kimoja."

Mtu huyo alikuwa amesema kweli, na ukweli ukisemwa kwa upole haukupi hata pa kushikia ugomvi. Tangu siku hiyo, saa zote alizokuwa nyumbani, Mama Chiriku alimbeba mtoto kwa mbeleko. Jirani walimtania kwamba atamlemaza miguu. Yeye alikuwa na sababu yake: mgongoni ndiko mikono yake ilikozoea kwenda, basi na mtoto awe hukohuko.

Lakini mtoto wa miaka miwili na nusu hakubali mbeleko. Anataka kupanda viti, madirisha, na chochote chenye ukingo. Mama Chiriku akaenda kwa baba yake. Alimkuta karakanani anapima kioo cha meza.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mke wangu mdogo hajambo?"

"Hajambo. Baba, nimekuja kukuomba kitu. Hiki ulichonitia mikononi, nakuomba unitolee."

Alimweleza yote, na la mama mkwe pia. Fundi aliweka rula chini. Kwa kitambo alionekana kama mtu aliyeguswa, naye binti akasogea. Kumbe mzee alikuwa ameguswa na fahari.

"Mtoto wako mwenyewe," alisema, "na bado hukunyoosha mkono?" Akageukia wafanyakazi. "Sikieni hii! Hata mwanawe! Hilo ndilo somo lililoshika."

"Baba, alishonwa nyuzi sita."

"Mifupa ya mtoto ni laini. Ataanguka, atajifunza, kama mimi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Yeye amevunjika paji tu."

Binti alitoka nje ya karakana akiwa haoni njia vizuri. Aliyemfuata ni Gundi, anajifuta mikono kwenye aproni.

"Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka," alisema mzee. "Hilo nalielewa. Lakini hapa baba yako ndiye aliyeumwa, tunaoshtuka ni sisi. Kesho saa ya chakula njoo uani."

Uani, nyuma ya karakana, palikuwa na makreti ya mbao na ukuta wa matofali. Gundi alifinyanga matonge ya ule udongo wake wa kubandikia, laini, yenye harufu ya mafuta, ambayo hayamuumizi mtu. Akawa anayaachia mbele yake. Siku ya kwanza aliachia arobaini na binti hakudaka hata moja. Mikono mgongoni, hatua nyuma. Arobaini. Mwisho aliketi kwenye kreti akalia, si kwa uchungu, kwa hasira ya mtu anayeona mwili wake unamtii mwanamume mwingine.

Gundi alifikiri usiku mzima, na kesho yake akaja na dawa. Alimsimamisha akiwa ameegemea ukuta, visigino na mabega yamegusa matofali. Mguu ukitaka kurudi, hakuna pa kurudi. Mikono ikitaka mgongoni, haipiti. Tonge likaachiwa, mikono ikagonga ukuta, ikachubuka, ikababaika. Siku ya tisa, kwa kukosa pa kwenda, ikaja mbele. Haikudaka, ila ilikuja mbele. Wiki ya tatu tonge moja lilipondeka kati ya viganja vyake na udongo ukatokeza katikati ya vidole, naye akamkumbatia Gundi na kumpaka mgongo mzima.

Mwezi wa pili alijitenga na ukuta. Kati ya kumi alidaka tisa. Gundi aliachia pembeni, nyuma, akiwa anaongea, akiwa anakohoa, mikono ilifika. Nyumbani akabuni mchezo na Chiriku: mtoto anasimama kitandani, anapaza sauti "Mama, nidake!" na kuruka. Walianza umbali wa shubiri. Wakafika hatua nzima.

"Mwanangu," Gundi alimwambia siku ya mwisho ya mazoezi, akilifinyanga tonge asiliachie. "Sasa mikono yako inadaka. Swali ni moja. Inajua inadaka nini?"

"Itadaka chochote, mzee wangu!" Alicheka, jasho linamtoka. "Nimechoka kuchagua."

Gundi hakucheka. Alirudi ndani, akaenda kumwambia Fundi kwa mara nyingine habari ya kamba, akaulizwa kwa mara nyingine alipoteza vidole vingapi.

Siku ya kuvuna ilikuja Jumapili mchana. Mume alikuwa amekaa anakula, mke anakausha sahani. Chiriku, aliyekuwa amepanda kiti kisha akapanda dirisha ili amsimulie paka wa jirani mambo yake, aliteleza chali. Hakuna aliyewahi kupiga kelele. Sahani ilikuwa bado iko hewani wakati mtoto ameshafika mikononi mwa mama yake, salama, mdomo wazi, anashangaa dunia imekwenda wapi. Sahani ikapasuka. Mama Chiriku hakuisikia.

Mume aliinuka, akakaa tena, na mara hii alikaa sakafuni. Alishika mguu wa mtoto na mkono wa mkewe kwa pamoja.

"Yale ya kwa mama," alisema, "sikuyasema."

Kwa siku mbili Mama Chiriku alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mtaani. Nazitaja kuwa mbili kwa sababu hazikufika tatu.

Jumanne asubuhi mzigo wa vioo vipya ulikuwa umeshushwa jana yake na sakafu ilikuwa imeoshwa. Vioo vilisimama kwenye kichanja, vikubwa nyuma, vidogo mbele. Fundi alikuwa akisoma vipimo kwa sauti, Gundi akiwa na tonge lake, wafanyakazi wawili wakibeba fremu, Mama Chiriku mezani na almasi. Chiriku alikuwa kwa jirani, mbali, na hakuna mtoto wa mtu yeyote aliyekuwa humo ndani. Kabari ilikwenda. Ilikwenda kama ilivyokwenda ile ya karakana ya zamani. Kioo cha mbele kabisa, cha dirisha la choo, chenye ukungu, ambacho mwenyewe hata hakuwa na haraka nacho, kikainama, kikaja.

Fundi, mikono mgongoni, hatua nyuma. Wafanyakazi wawili waliachia fremu, mikono mgongoni, hatua nyuma. Gundi vilevile, maana miaka thelathini ni miaka thelathini. Walirudi wote kwa mguu mmoja kama watu wa kwaya. Mama Chiriku peke yake ndiye aliyekwenda mbele.

Alikidaka. Lazima isemwe kwamba alikidaka vizuri, kwa mikono miwili, kabla hakijafika chini. Na kwa kitambo kidogo sana, kabla kioo hakijakatika katikati na nusu mbili kuteremka ndani ya viganja vyake, alimtazama Gundi akitabasamu, kama mwanafunzi aliyepata jibu.

Daktari alieleza kwa uangalifu kwamba kilichokatika ni zile kano zinazovuta vidole, karibu zote, mikono yote. Wameziunga walivyoweza. Vidole vitajikunja kidogo baada ya miezi. Kushika kwa nguvu, hapana, asitegemee.

Fundi alikuja saa ya kuona wagonjwa. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini mdomo wake haukuwa na habari na macho. Alisimama kando ya kitanda, akainua mkono wake wa vidole vitatu juu ya zile bandeji mbili.

"Umeona sasa?"

"Baba, naomba uende."

"Vyangu viwili, vyako kumi. Mimi somo nililipata kwa bei nafuu nikakupa bure, wewe ukaenda kulinunua upya. Nani alikufundisha kudaka?"

Hakumtaja Gundi, na hakumtaja Chiriku. Alifumba macho mpaka akasikia viatu vya baba yake vinaondoka. Walimwambia baadaye kwamba Fundi alilia kwenye ngazi za hospitali, kilio cha wazi, mpaka mlinzi akamletea maji. Inawezekana kabisa. Kilicho hakika ni kwamba siku ileile alirudi karakanani akapaka upya maandishi ya ukutani, akayapigia mstari, na tangu hapo mfanyakazi mgeni akifika alisimuliwa kwanza vidole viwili vya Fundi, kisha vidole kumi vya binti yake. "Mwanangu mwenyewe," alisema, "alipoiacha sheria siku moja tu."

Gundi naye alileta kamba kutoka kwake. Aliifunga mbele ya vioo, kutoka msumari hadi msumari, na kazi yote ilikwisha kabla chai yake haijapoa. Alisimama akaitazama. Baada ya chakula aliikuta imefunguliwa na kutupwa kwenye kreti. "Inachelewesha kazi," Fundi alisema. Gundi akavua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya meza ya kukatia, akaondoka bila kuaga, na yule mzee hakuwa na kazi nyingine ya kwenda kufanya.

Bandeji zilitolewa wiki ya saba. Viganja vilikuwa na makovu ya waridi kutoka upande hadi upande, vidole vimejikunja nusu, kama vya mtu anayesubiri apewe kitu. Mume alikuwa amekuwa mwema hata kupita kawaida. Alipika, alifua, alimchana nywele. Chiriku alikuwa amekaa wiki zote hizo kwa jirani mchana na mikononi mwa baba yake jioni, na alikuwa na mambo mengi ya kusimulia.

Asubuhi ya kwanza waliyobaki wawili, mama alikuwa anajaribu kusukuma shuka chini ya godoro kwa kiwiko. Chiriku akapanda kitandani. Alikuwa amengoja siku nyingi.

"Mama, nidake!"

"Subiri, mwanangu, subiri kwanza..."

Lakini mtoto wa miaka mitatu huruka kwanza, masikio yanafuata. Na mikono ya Mama Chiriku haikwenda mgongoni. Nataka hilo lieleweke. Mguu haukurudi. Mikono ilikwenda mbele, kwa wakati, viganja juu, mahali penyewe hasa, kama ilivyofundishwa na mzee aliyempenda. Mtoto alifika ndani yake. Vidole havikufunga. Chiriku akapita katikati, akateremka mbele ya gauni la mama yake, akapiga mdomo kwenye ubao wa kitanda.

Haikuwa jeraha kubwa. Mdomo ulivimba, jino moja likalegea. Mama alipiga magoti akajaribu kumwinua kwa mikono ya mbele, kutoka kiwiko hadi kifundo, na mtoto akateleza tena. Ndipo Chiriku akaacha kulia. Alimtazama mama yake kwa makini, akatazama ile mikono, akasimama mwenyewe.

Jioni baba yake aliporudi alimuuliza mdomo umefanya nini. Chiriku, ambaye kwa kawaida hadithi ya kumwaga maji ilimchukua nusu saa, hakusimulia. Alisema maneno mawili, bila kulia, kwa sauti ya mtu anayesoma kilichoandikwa ukutani.

"Mama hadaki."

Mume alimtazama mkewe. Mama Chiriku alikuwa na ya kusema: miezi miwili ya ukuta na matonge, dirisha, paka wa jirani, Jumapili ile. Alimwona mumewe anayakumbuka yote, mojamoja, akaona pia kwamba hayamsaidii. Kisha mume akaenda kuliteremsha begi dogo juu ya kabati, polepole, ili lisifanye kelele.

Waliondoka asubuhi na gari la mikate. Mume alisema ni kwa muda, mpaka vidole vipate nguvu, na wote wawili walitazama kando aliposema hivyo. Mama Chiriku alichuchumaa mlangoni amuage mwanawe, akanyoosha mikono, viganja juu.

"Njoo, mama," alisema. "Njoo nikukumbatie tu."

Chiriku aliitazama mikono. Akarudi nyuma hatua moja, akashika mguu wa suruali ya baba yake.